Dakika Sita za Maji

Kuna watu mjini Kampala watakuambia, bila hata kupepesa macho, kwamba *Kopo la Tatu* ni filamu ya Vijee Okinyi. Ya Okinyi, jamani! Mtu ambaye hakuandika mstari hata mmoja, hakumbembeleza mwigizaji yeyote arudie kulia, na siku ilipopigwa picha ya mwisho alikuwa kwao Namuwongo anakula samaki. Kazi ya Okinyi ni kushika kipaza sauti na kusema juu ya filamu za wenzake. Mhindi akiimba, yeye anasema. Mchina akirusha teke, yeye anasema. Ndivyo tunavyotazama sinema katika vibanda vya video vya hapa: picha zinatoka kokote, lakini mdomo ni wa vijee, anayezieleza kwa Kiluganda na kuongeza chumvi, na watu wanaufuata mdomo. Sawa, tumezoea. Lakini filamu hiyo ina mwenyewe. Anaitwa Safinah Abdul-Latif, yu hai, anakaa Old Kampala nyuma ya msikiti mkubwa, na hajawahi kujificha.

Safinah ana miaka arobaini na mitatu. Wazee wake walipanda kutoka pwani zamani sana na mizigo ya nguo, wakafika kwenye kilima kile wakatua, na kuuza nguo hawakuacha. Baba yake, Abdul-Latif, aliuza kanzu na kofia mpaka alipofariki. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili kutwa kucha, na hilo tu lilikuwa kosa. Shuleni wenzake walimwambia anaongea kama redio. Sokoni, akiuliza bei ya ndizi kwa Kiswahili, mama muuzaji anamwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni: "Nyabo, bwana wako ni askari?" Kwa sababu hapa Kiswahili wanakijua cha bunduki na kizuizi cha barabarani. Safinah akaapa tangu akiwa msichana kwamba ipo siku watu wa mji huu watakaa kitako wasikie Kiswahili cha mama mwenye nyumba, kisicho na kiboko mkononi.

Kamera aliishika kupitia harusi. Wapiga picha wote walikuwa wanaume, na upande wa wanawake wanaume hawaingii, kwa hiyo msichana anayejua kubonyeza kitufe alikuwa dhahabu. Alipiga harusi miaka sita. Huko ndiko alikojifunza kwamba bibi harusi hana habari kubwa. Habari iko usoni mwa shangazi aliyekaa kona. Baadaye akaanza kuandika michezo ya televisheni. Miaka tisa aliandika, na miaka tisa jina lake halikuonekana. Alipomuuliza mkubwa wa ofisi, bwana yule akajikuna kidevu akasema jina refu linajaza skrini. Jina refu! La kwake mwenyewe, lenye maneno manne na cheo mbele, lilikuwa linaingia vizuri tu.

Akatoka huko akaongoza filamu zake mwenyewe mbili. Ya kwanza aliipiga Port Bell, habari za mke wa mfanyakazi wa meli zinazobeba mabehewa. Ilionyeshwa mara tatu ukumbini, wageni wakanywa juisi, wakasema nzuri sana, bambi, kama wanaomwonea huruma, wakaenda zao. Ya pili hata juisi haikupata. Watu wakaanza kumshauri arudi kwenye harusi. Yeye akarudi mezani kwake akaandika *Kopo la Tatu*.

Hapa lazima nimlete mama yake. Hajati Husnah ana miaka sitini na tisa, na kwa miaka thelathini na moja amekuwa akiwaosha wanawake wanaofariki Old Kampala na vitongoji vyake. Halipwi na hataki kulipwa. Kazi yenyewe ina sharti moja zito: mwosha anachokiona anakiacha palepale na maji. Kovu, alama ya kipigo, ugonjwa ambao mwenyewe alimficha hata mumewe, vyote vinabaki huko. Familia inapomkabidhi maiti wao inamkabidhi na siri zake, na inajua hazitatoka. Safinah amelala nyumba moja na mama yake maisha yake yote, na hajawahi kusikia hata nusu neno juu ya mtu aliyeoshwa. Siku moja baba yake aliteleza akauliza kama jirani fulani kweli alikuwa amekonda vile watu walivyosema. Husnah akamsogezea sahani akamwambia chakula kinapoa.

Filamu ilikuwa ya mwanamke anayetakiwa kumwosha mke mwenzake, ambaye hawakusemeshana miaka ishirini. Kiini chake ni dakika sita za kuosha. Hakuna maneno, ni maji tu, kitambaa, mikono, na uso wa anayeosha. Safinah alijaribu waigizaji watatu. Uso walikuwa nao, mikono ikawasaliti. Mmoja alimwaga maji kama anamwagilia sukuma wiki. Mwisho akaona hana njia ila kumwomba mama yake.

Husnah alikataa miezi miwili. Alipokubali, alimketisha binti yake chini kwanza.

"Atakayelala pale awe mtu mzima wa afya, na afunikwe vizuri. Nisione kamera inachungulia."

"Ndiyo, Mama."

"Na pale ninapoosha pasisemwe neno. Si kinanda, si wimbo, si wewe mwenyewe na maelezo yako. Mwosha hasemi. Ukiweka neno pale, umeniwekea mimi mdomoni."

"Wallahi, Mama, sitaweka."

Basi wakapiga. Dolphine, msichana wa Kikenya mwenye saluni hapo chini, ndiye aliyelala akafunikwa, na Kamis, mpiga picha wa Safinah tangu zamani, alishika kamera. Husnah aliosha kama anavyoosha siku zote. Mikono yake haikuharakisha wala haikuchelewa. Walipomaliza, Dolphine alibaki chini ya kile kitambaa analia kimyakimya, na Kamis akatoka nje kuvuta sigara ambayo alikuwa ameshaiacha. Safinah alijua palepale kwamba hii ndiyo. Miaka yote ile ya kudharauliwa ilikuwa njia ya kufika hapa.

Sasa sikiliza ujinga ulipoingia, na kusema kweli uliingia kwa mlango wa Safinah mwenyewe. Msambazaji mmoja wa mjini akaipenda filamu. Karatasi ya mkataba ilisema wazi kwamba atamweka vijee, maana bila vijee kibanda hakinunui. Safinah akamwambia hakuna shida, mweke, ila kwenye kuosha anyamaze. Msambazaji akacheka kwa upole: "Madam, hiyo ni kitu ndogo. Tumeelewana." Safinah akatia sahihi. Mtu anayeandika mpaka jinsi mwigizaji atakavyoshika kikombe, sentensi ile moja hakuiandika. Alifurahi mno. Alitaka watu waione.

Wakaiona! Okinyi alipofika kwenye dakika zile sita akakuta kimya, na vijee akikuta kimya anajiona amefukuzwa kazi. Akabana sauti ikawa ya bibi kizee, akamsemea Husnah. "Ee mke mwenzangu, kumbe una alama za fimbo mgongoni! Haa, na hizi nywele kumbe si zako!" Na hakuishia hapo. Akamfanya aanze kuwataja na wengine: "Yule mke wa mwenye duka la saa niliyemwosha juzi, nanyi mnamjua, ngojeni niwaambie nilichokuta." Vibanda vikavunjika mbavu. Watu wakaanza kurudi mara ya pili, mara ya tatu, kwa ajili ya bibi mwosha maiti mwenye umbea.

Filamu ikaingia kwenye flashi, flashi zikapanda kilima. Wauza nguo wakacheka kwanza, halafu mmoja akasema, lakini huyu si Hajati Husnah wetu? Na hapo kicheko kikageuka. Nani alijali kwamba sauti ni ya Okinyi? Uso ni wake, mikono ni yake, na filamu ni ya mwanawe. Wanawake waliokuwa wakipita kumsalimu wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Watu aliowaoshea mama zao! Nasema hivi na damu inanichemka, kwa sababu hao hao walijua miaka thelathini na moja hakuna neno lililotoka kwa mwanamke yule. Ilitosha vijee wa Namuwongo abane pua, wakasahau yote.

Halafu akafariki Bi Sabah, nyumba ya tatu kutoka kwao. Alfajiri habari ikapita mtaani. Husnah akaswali, akatoa mkoba wake: aproni, glavu, kafuri, kopo. Akavipanga pembeni yake mkekani akakaa kusubiri kuitwa. Saa mbili ikapita. Saa nne. Safinah alipotoka adhuhuri kwenye duka la nguo alilowaachia baba yake kuja kuchukua ufunguo, alimkuta palepale, na nje jeneza linapita.

"Mama, hawajaita?"

"Wameita," Husnah akasema. "Wamemleta mwingine kutoka Kibuli."

Akaanza kurudisha vitu mkobani, kimoja kimoja. Safinah alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Hasira iliyompanda hapo ilikuwa mpya kabisa. Kunyimwa jina lake alikuwa amekuzoea. Hii ilikuwa ya kazi ya mama yake, ya imani ambayo watu walikuwa nayo kwake, na imani hiyo haikuwa na duka la kununulia nyingine.

Akaenda kwa msambazaji. Msambazaji akamtolea ile karatasi, akamwonyesha sahihi. "Madam, si ulitaka iende? Imeenda." Safinah alimwambia maneno ambayo sitayaweka hapa, lakini haya yalikuwa yake mwenyewe, si ya vijee.

Akashuka Namuwongo. Kibanda cha Okinyi kiko karibu na reli, cha mabati na mbao, na mwenyewe alimpokea kwa mikono miwili.

"Direkta! Karibu kiti! Hii picha yako imenitoa mimi, watu wananiita bibi huko barabarani."

"Nani alikupa ruhusa ya kusema pale kwenye kuosha?"

"Pale? Pale si mliacha wazi? Madam, dakika sita hakuna mtu anaongea! Unajua dakika sita kwa kibanda ni nini? Watu watafikiri spika imekufa, waamke waende. Mimi nilikuokoa."

"Ulimwokoa nani?" Safinah akapandisha sauti mpaka mama wa chapati nje akageuka. "Yule ni mama yangu mzazi! Hiyo ndiyo kazi yake ya kweli, anaosha wafu, na umemfanya mbea wa wafu. Watu hawamwiti tena. Juzi jirani yake ameoshwa na mgeni, yeye amekaa na mkoba wake toka alfajiri. Umeniokoa? Shika adabu yako, Okinyi!"

Okinyi alikaa chini.

"Kumbe si mwigizaji," akasema. "Direkta, wallahi mimi Mjaluo wa Namuwongo, ningejulia wapi? Niliona bibi tu." Akafikiri. "Hizo flashi siwezi kuzirudisha. Lakini Jumamosi saa tisa naionyesha hapa, nasema laivu. Njoo ukae na mimi. Ikifika hapo nakupa kipaza, waambie wewe mwenyewe."

Safinah akaandika atakayoyasema. Ukurasa mmoja na nusu. Jina lake, jina la mama yake, miaka thelathini na moja, na nani hasa alisema nini. Alipomweleza mama yake, Husnah akasikiliza mpaka mwisho akaomba viatu vyake vya kutokea vipigwe dawa.

"Mama, pale si mahali pako. Ni kibanda cha vijana, wanatafuna miwa wanapiga mbinja."

"Nakwenda. Nataka kusikia nilichosema."

Jumamosi kibanda kilijaa. Husnah alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyemjua. Safinah alikaa mbele, kwenye stuli ya pili, ubavuni mwa Okinyi. Filamu ikaanza na Okinyi akawaka moto. Alisema, aliimba, aliwatania watu wa benchi la mbele kwa majina. Safinah alitazama picha alizozipanga kwa miezi zikipita chini ya mdomo wa mtu mwingine. Kisha mlango wa chumba cha kuoshea ukafunguliwa, na Husnah wa kwenye ukuta akainama, akachota kopo la kwanza. Watu wakajiweka sawa kwa kicheko. Okinyi akampa kipaza.

Safinah akafungua karatasi yake. Alikuwa na kila neno. Akainua kipaza mdomoni, na pale ukutani mama yake alikuwa anamimina maji begani, taratibu, upande wa kulia kwanza. Pasisemwe neno. Si wewe mwenyewe. Angesema, hata akisema kweli tupu, angekuwa wa pili kuongea juu ya mikono ile. Akabonyeza kitufe akakizima kipaza, akakiweka mapajani.

"Sauti!" mtu akaita.

"Vijee amelala!"

"Mtoeni huyo mama, hajui kazi!"

Gunzi la muhindi likampiga mgongoni. Safinah hakugeuka. Dakika moja ikapita, na ya pili, akazomewa jinsi ambavyo hakuna vijee aliyewahi kuzomewa Namuwongo. Alijiambia wapige kelele watakavyo, maadamu maneno hayapo. Ndipo kijana mmoja wa katikati akabana pua akasema, "Haa, na hizi nywele kumbe si zako!" Benchi zima likadakia mstari uliofuata, kisha nyuma, kisha ukuta kwa ukuta. Walikuwa wameyashika yote kwa moyo. Okinyi alikuwa kando yake na mikono kichwani, hasemi kitu, na bado bibi mbea alikuwa anasema, kwa midomo mia. Walipofika kwa mke wa mwenye duka la saa, Safinah alisimama na kupiga kelele "Nyamazeni!" na sauti yake haikusikika hata na yeye mwenyewe.

Husnah alikuja kutoka nyuma. Alipita katikati ya mabenchi bila kusukuma mtu, akasimama mbele ya ukuta, mwanga wa projekta ukamwangukia, uso juu ya uso wake. Akavuta mtandio nyuma. Wa mbele wakamwona, wakanyamaza. Wa nyuma wakachelewa kidogo.

"Ni mimi," akasema, hakupaza sauti. "Nimeosha wanawake miaka thelathini na moja. Nendeni mkawaulize nilisema nini."

Mtu mmoja akacheka, akakuta yuko peke yake. Husnah akapita palepale alipopitia, akatoka.

Safinah alimfikia kwenye reli. Alikuwa anawatukana wote kwa mpigo, Okinyi, msambazaji, watu wa kilimani. Husnah alimwacha amalize.

"Wale hawanijui," akasema. "Wewe uliniahidi."

"Niliwaambia, Mama! Niliwaambia wanyamaze pale."

"Uliandika?"

Safinah akaikunja ile karatasi yake ya ukurasa mmoja na nusu.

"Wewe unayeandika kila kitu," Husnah akasema, akashika njia ya nyumbani.

Ungependa nikuambie kwamba baada ya hapo kilima kizima kilikuja kuomba radhi. Hakikuja. Wale wanawake bado wanavuka barabara, na aibu ni yao ingawa hawaioni. Aliyekuja, siku ya kumi na moja, ni Zahara, muuza makaa wa Namuwongo. Alisimama mlangoni mwa duka na vumbi jeusi mpaka kwenye viwiko. Dada yake amefariki, wanawake wa kumwosha hawapo, na Jumamosi ile Zahara mwenyewe alikuwa kibandani.

"Namtaka Hajati," akasema. "Nilimsikia."

Husnah alikuwa ameshachukua mkoba. Lakini kuosha kunataka mikono minne, na mwenzake wa siku zote alikuwa wa kwanza kuvuka barabara. Akamtazama binti yake nyuma ya meza.

"Simu iache hapo."

Safinah akaiacha. Kwenye chumba kidogo karibu na reli wakafunga mlango na dirisha. Husnah akamfundisha kwa macho tu pa kushika na pa kufunika, akanyoosha mkono, na Safinah akampa kopo la kwanza, la pili, la tatu.

Habari zilisambaa, kama kawaida ya mji huu. Okinyi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu jioni hiyo, kwa heshima zote.

"Direkta, pole kwa kazi. Nasikia uliingia na mama. Niambie tu mimi, mle ndani mlikuta nini?"

Safinah akakata. Okinyi akapiga tena, akakata tena.